Oili ya tustroki kwa pikipiki ya theluji (snowmobile): nimetumia Interceptor ya AMSOIL misimu miwili, haya ndo niliyoyaona

Naanza na vali za ekzosi maana hizo ndo zilizonifundisha. Pikipiki yangu ya theluji ni tustroki, yaani injini ya mapigo mawili, silinda mbili, ina tenki lake la oili na pampu yake, afu kila silinda ina ile vali bapa kama ulimi inayokaa kwenye tundu la ekzosi, injini ikizunguka polepole inashuka inabana tundu, ukiongeza mafuta inapanda tundu linafunguka lote na nguvu inakuja. Rotax, wanaotengeneza injini za Ski-Doo, wanaiita RAVE, Polaris mfumo wao ni VES, kazi ni ileile. Sasa msimu wangu wa kwanza mashine ikaanza kuchoka, inaondoka vizuri kabisa ila ukiongeza mafuta mpaka mwisho haipandi, kama kuna mtu kaishika kwa nyuma. Nikabadilisha plagi, nikasafisha kabureta, wapi. Fundi mmoja mzee alivyokuja hakuhangaika na kabureta, akaenda moja kwa moja kwenye vali, akafungua, moja ilikuwa imeganda na masizi yenye gundi, haipandi haishuki, akaitoa kwa kuitikisa na koleo. Akauliza, kijana unatia oili gani humu? Nikamletea kopo.

Kopo lina neno tustroki kubwa mbele, na nyuma kwa herufi ndogo TC-W3. Mzee akanionyesha kwa kidole, hii ni ya boti.

Na kweli. TC-W3 ni cheti cha NMMA, chama cha Marekani cha watengenezaji wa vyombo vya majini, na kimewekwa kwa ajili ya injini za boti zinazopozwa na maji ya ziwa au bahari. Injini ile haipati joto kali, maji mapya yanapita muda wote, kwa hiyo oili yake imetengenezwa isiache majivu kabisa, ile dawa ya kusafisha yenye metali hawaitii, na kwenye boti inafanya kazi vizuri sana sina ubishi. Lakini injini ya theluji inapiga mizunguko 8,000 kwa dakika, dari ya pistoni inawaka moto, ekzosi inawaka moto, oili ya boti ikifika pale inageuka lami, inashika ringi za pistoni na inashika vali. Muuzaji aliyeniuzia aliniambia tustroki ni tustroki tu, tia hiyo. Hapana wakuu, tustroki si tustroki tu.

Kinachofanya jambo hili liwe zito ni kwamba injini ya tustroki haina oili inayozunguka na kurudi kama ya gari. Oili inaingia mara moja, inapita kwenye beringi za krenki, inapanda ukuta wa silinda, inachomwa na petroli, imeondoka. Hamna kuchuja, hamna kubadilisha oili kila baada ya kilometa kadhaa. Ulichotia ndo kinacholainisha na ndo kinachoungua, kwa hiyo oili hiyohiyo moja inatakiwa ilainishe vizuri na iungue vizuri, na hizo ni kazi mbili zinazovutana. Oili nzito inalainisha ila inaacha masizi, nyepesi sana inaungua safi ila haikai kwenye beringi. Ndo maana pia usije ukatia oili ya gari humo hata kama umeishiwa, ile ina dawa zenye metali nyingi, ikiungua inaacha majivu juu ya pistoni na kwenye plagi, majivu yanabaki mekundu kwa joto na yanawasha petroli kabla ya wakati wake, pistoni inatoboka.

Basi baada ya pale nikaanza kusoma migongo ya makopo. API ni taasisi ya petroli ya Marekani, na API TC ndo alama yao ya zamani ya oili za tustroki zinazopata joto. Wajapani wana JASO, viwango vyao vya magari, inaanzia FB, inapanda FC, inaishia FD. FC moshi wake ni mdogo sana, FD moshi mdogo vilevile ila inasafisha zaidi kwenye joto. ISO, shirika la viwango la kimataifa, nao wana EGB, EGC, EGD ambazo zinafuatana na hizohizo. Mi nikishika kopo halina hata moja ya hizo, lina TC-W3 peke yake, narudisha kwenye rafu. Wapo wanaoweka alama zote kwenye kopo moja, hapo inabidi usome wanasema ni kwa ajili ya injini gani hasa.

Ila kuna kitu ambacho wengi hawakiangalii kabisa na kwa mashine ya theluji ndo cha kwanza: baridi. SAE, chama cha wahandisi wa magari, wana madaraja manne ya oili za tustroki, yanapima oili inavyotiririka na inavyochanganyika na petroli kwenye baridi. Daraja la 1 linapimwa kwenye nyuzi 0, la 2 nyuzi 10 chini ya sifuri, la 3 nyuzi 25 chini, la 4 nyuzi 40 chini. Sa fikiria pampu ya oili, kidude kidogo tu, kinavuta oili kwenye mpira mwembamba kuliko kidole chako cha mwisho, asubuhi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Oili ikiwa imeganda kama asali ya mwaka jana pampu inazunguka lakini kinachofika ni kidogo, na hapo ndo wewe umewasha mashine, imenguruma, umefurahi, unaondoka nayo. Pistoni inakwangua silinda na taa ya oili haiwaki, maana taa inaangalia kama tenki lina oili, haiangalii kama imefika. Hilo likikutokea mbali na nyumbani kwenye baridi ile si habari ya injini tena, ni habari ya uhai wako.

Nilifanya jaribio langu. Nikachukua vikopo viwili vya kioo, kimoja nikatia ile oili ya boti iliyobaki, kingine Interceptor ya AMSOIL ambayo yule fundi alinitajia, nikaviacha nje usiku kucha. Asubuhi nikavilaza kwa pamoja. Ya Interceptor ikashuka taratibu ila bila kusita mpaka mdomoni, ile nyingine ikabaki imejikusanya chini, nikahesabu mpaka ishirini ndo ikaanza kusogea. Nilikuwa nimevaa glavu mbili na bado mikono inauma ila nilisimama pale naangalia, maana yaliyokuwa yakitokea ndani ya mpira wa oili msimu mzima nilikuwa nayaona kwa macho.

Interceptor yenyewe sasa. Ni sintetiki, imetengenezwa kwa kulenga injini zenye vali za ekzosi, inafaa kwenye pampu. Misimu miwili nimeitia hiyohiyo, sikuchanganya. Kwenye kuwasha asubuhi moshi upo, tustroki bila moshi kidogo haipo, ila ni mwembamba na unaisha mapema, zamani nilikuwa nikiwasha watu wanahama. Plagi zinatoka na rangi ya kahawa yenye maziwa. Mwisho wa msimu wa kwanza wa Interceptor nikafungua vali mwenyewe, mkono unatetemeka nikijua nitakuta nini, nikakuta utando mweusi laini unaofutika kwa kitambaa na petroli kidogo, vali inapanda na kushuka kwa kidole. Msimu wa pili vilevile. Kwangu hilo ndo lililomaliza maswali. Bei yake iko juu ya oili za kawaida, hilo ujue kabla, lakini ukilinganisha na kufungua injini nzima kubadilisha pistoni huwezi kulalamika.

Je ni hii tu? Hapana. Mashine yako ikiwa mpya bado ina waranti mi nasema tia oili ya aliyeitengeneza, bila mjadala. Ski-Doo wana XPS, Polaris wana VES (jina lilelile la mfumo wao wa vali), Arctic Cat wana C-TEC2, Yamaha wana Yamalube. Hasa hizi za E-TEC za Ski-Doo ambazo injekta inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, petroli haipiti tena kwenye krenki, kwa hiyo oili inafika kwenye beringi peke yake bila petroli ya kuisaidia kusambaa, na pampu yake inaongozwa na kompyuta inayotoa kiasi kidogo sana. Injini inayokula oili kidogo namna hiyo haitaki ubahili kwenye kopo. Soma kitabu cha mashine, wameandika jina.

Watu wanauliza pia kuhusu oili za mashindano zile nzito, zenye harufu tamu ya mafuta ya mbarika. Nazipenda harufu yake, ukweli, na kulainisha zinalainisha hasa. Lakini nyingi ni za kuchanganya mwenyewe kwenye petroli, si za kutia kwenye tenki la pampu, kwenye baridi ni nzito na mbarika inaacha gundi. Kama unaendesha kawaida achana nazo.

Ukibadilisha aina usimimine mpya juu ya ya zamani ukategemea Mungu. Kuna oili zikikutana zinaganda kama ute na kuziba chujio la pampu. Changanya nusu kwa nusu kwenye chupa ya kioo, iache kwenye baridi siku moja au mbili, ikibaki safi sawa, ikifanya mabonge-mabonge toa yote kwenye tenki kwanza. Mi nilitoa yote bila kujaribu, halafu nikatoa hewa kwenye mpira wa pampu, hiyo usiisahau, hewa ikikaa kwenye mpira pistoni inakauka vilevile. Na rangi isikudanganye, bluu, nyekundu, kijani, ni rangi tu wametia ili uone kwamba petroli imeshachanganywa.

Wenye mashine za zamani zisizo na pampu, fuata uwiano wa kitabu. 50 kwa 1 ni mililita 20 kwa kila lita ya petroli, 40 kwa 1 ni mililita 25. Pima kwa kipimo, usikadirie kwa jicho, na usiongeze oili ukidhani unailinda injini, maana oili ikizidi petroli inapungua kwenye mchanganyiko ule, na petroli ikipungua joto linapanda.

Wenye pampu nao wana namna ya kuhakiki. Weka alama ya kalamu kwenye tenki la oili, jaza petroli, tembea, hesabu lita ulizochoma. Mimi kila nikichoma lita 40 za petroli oili inashuka karibu lita moja. Mwezi uliopita ilishuka nusu ya hapo, nikasimama palepale, nikakuta kebo ya pampu imelegea.