Helmeti ya baiskeli ya umeme kwa kijana wa miaka 16 na mdogo wake, uzoefu wangu hapa Moshi

Baba yao alileta baiskeli ya umeme mwaka jana, mtumba wa Ulaya kutoka Arusha, kwa ajili ya kijana wetu wa miaka 16 maana tunakaa juu huku njia ya Kibosho na shule iko chini mjini, nauli ya bodaboda kila siku ya Mungu ilikuwa inatumaliza. Baiskeli yenyewe sina shida nayo, mlima anaupanda kama hana begi mgongoni. Kilichoninyima usingizi ni kushuka.

Hizi baiskeli za Ulaya mota inakusaidia mpaka spidi 25 halafu inajikata, ndo sheria yao kule, kwahiyo kila mtu alikuwa ananiambia mama fulani usiogope, haikimbii hiyo. Sawa mota imejikata, lakini huku kwetu ni mteremko mtupu mpaka mjini, na baiskeli yenyewe na betri yake ina kilo 24. Siku moja nikachungulia kile kioo chake kinachoonyesha spidi nikakuta ya juu kabisa imejiandika 43. Na mtoto alikuwa kavaa helmeti ya elfu 25.

Hiyo ya elfu 25 nilinunua mwenyewe, duka moja mjini, bila kwenda naye, na hapo ndo nilipokosea mara mbili. Kosa la kwanza, ndani ilikuwa na kistika cha CE, ile alama ya bidhaa za Ulaya, tu basi, hamna kingine. CE peke yake haikwambii kitu, kwenye helmeti ya baiskeli pembeni yake inatakiwa iandikwe EN 1078, ndo kipimo cha Ulaya, au kama imetoka Marekani utaona CPSC, ambayo kule ni lazima kisheria tangu 1999. Yangu haikuwa nayo, na wiki ya pili kile kibano cha kamba ya kidevuni kikakatika, nikarudi dukani wakaniambia bidhaa ikishatoka hairudi. Kosa la pili ni rangi. Nyekundu na mistari ya njano, mimi niliona inaonekana vizuri barabarani, yeye aliona ya mtoto wa darasa la tatu. Hakunibishia, aliondoka nayo kichwani vizuri tu, halafu siku nimeshuka mjini nikamkuta karibu na YMCA kofia inaning'inia kwenye usukani. Nilikasirika sana ila usiku nikafikiria, nikaona huyu wa miaka 16 simfuati barabarani, mimi namuona mpaka getini tu. Kama hajaipenda ataivua kona ya kwanza, hata ingekuwa ya milioni. Kuanzia hapo sijanunua helmeti bila mvaaji kuwepo.

Tukaenda wote Memorial, soko la mitumba hapa Moshi. Mtumba pale unajua tena, ukitulia unapata, na kweli akaipata moja nyeusi kali ya kampuni kubwa, elfu 15, akaivaa akacheka mpaka meno ya mwisho. Nikambandua zile sponji za ndani niangalie. Chini yake ndo kuna lile povu gumu jeupe, aina ileile inayokuja kwenye kartoni ya TV, na pale kisogoni lilikuwa na ufa umekatiza upande hadi upande. Juu hauoni kitu! Lile povu kazi yake ni kupondeka, likipondeka ndo linakula ile nguvu badala ya kichwa, na likishapondeka halirudi, halifanyi kazi mara ya pili. Kwahiyo helmeti ya mtumba hujui imeshaangukia wapi. Nguo za mitumba nanunua, viatu nanunua, baiskeli ndo hiyo tumenunua, lakini helmeti ya mtumba hapana, na mwenye meza nilimwonyesha ule ufa kwa kidole akaiweka chini ya meza, sijui baadae alimuuzia nani.

Shemeji yangu mmoja bodaboda akasema mpe hii yangu ya pikipiki yaishe. Kwa kichwa tu ni imara kuliko ya baiskeli, sibishi. Ila mtoto anapiga pedeli mlimani saa tisa jua kali, nzito, imeziba masikio, hasikii Noah inayompigia honi nyuma, alijaribu siku mbili akarudi anaumwa kichwa. Na zile kofia za saiti msiwavalishe watoto kwenye baiskeli jamani, nimeona wengi, ile imetengenezwa kwa kitu kinachodondoka kutoka juu, ukianguka ubavu haikusaidii.

Aliyetutoa ni wifi yangu anayeishi Uholanzi. Yeye ndo kaniambia kule kuna kipimo kingine kinaitwa NTA 8776, kimetoka 2016, maalum kwa zile baiskeli za umeme za mbio zinazofika spidi 45. EN 1078 wanaiangusha ile helmeti kwenye chuma kwa spidi kama ya 20 hivi, ni sawa na kichwa kudondoka kutoka mita moja na nusu, hii nyingine wanaipiga kwa nguvu zaidi na inatakiwa ifunike zaidi kwenye kipaji pembeni na kisogoni. Nikaona hii ndo ya mteremko wetu. Desemba alikuwa anakuja nyumbani kula sikukuu kama wachaga wote, akamtumia kijana picha sita wasap achague mwenyewe, mimi nikaweka sharti moja tu kwamba zote sita ziwe na hiyo namba. Akachagua nyeusi isiyong'aa yenye kitaa chekundu nyuma, euro 85. Nyeusi mimi siitaki, jioni kule juu hamna taa za barabarani, tukakubaliana stika za kuakisi mwanga mbili pembeni. Alitaka akaipulize rangi kwa fundi wa magari nikakataa, kitabu chake kimeandika kabisa usipake rangi wala tina, zinakula plastiki.

Kabla ya kuagiza tulimpima na futi ya fundi cherehani, unaizungusha futi kichwani, upana wa vidole viwili juu ya nyusi na kupita pale kisogo kinapotokeza, yeye sentimita 57. Mdogo wake wa kike miaka 14 ni 54, na huyu ndo alinisumbua maana kichwa cha msichana kinabadilika. Akisuka twende kilioni ya shule iko sawa, likizo akisuka rasta helmeti ileile inakaa juu kama kifuniko cha sufuria na paji lote la uso liko wazi. Dawa yake tumeipata, rasta azifunge chini shingoni, asifunge juu, halafu kile kigurudumu cha kukazia nyuma akilegeze kidogo. Ya kwake nilinunua Arusha, mpya, laki na elfu 20, ya duara kama za wale wa skate, rangi ya maziwa, ina EN 1078 na ndani ina ile ngozi ya njano ya MIPS. Hiyo ni teknolojia ya Sweden, ile ngozi inateleza kama milimita 10 mpaka 15 ukigonga chini kiupande, ili kichwa kisisokotwe kwa ghafla. Inaongeza bei, mimi niliona ni halali yake maana watu hawaanguki wima. Ana miezi mitano nayo na anaivaa hata kwenda dukani, wenzake wanaiazima kupigia picha. Nampa yeye tano kwa tano, ila matundu yake ni machache, jasho linamtoka sana.

Sasa ya kijana. Mwezi wa nne, mvua ile, kona ya chini ameteleza kwenye tope akaenda ubavu, baiskeli huku yeye kule. Nilipigiwa simu na mama wa genge, nilifika sijui kwa miguu gani. Kiwiko kimechubuka, suruali imechanika gotini, kichwa hana hata nundu, tulikesha tunamuangalia kama anatapika au anachanganya maneno, hamna, na hospitali asubuhi wakasema yuko salama. Helmeti kwa nje ilikuwa na mchubuko tu upande wa kulia. Akasema mama nzima hii. Nikabandua sponji, povu limepasuka juu ya sikio kama ganda la yai. Euro 85 zimeisha siku hiyo na sijajuta hata senti. Nilikata kamba zake kwa mkasi kabla ya kuitupa, maana ningeitupa nzima ingeokotwa na wiki inayofuata iko mezani sokoni elfu 15.

Kwa sasa anatumia nyingine ya EN 1078 tuliyonunua palepale Arusha, elfu 95, alienda na dadake kuchagua, na makubaliano ni kwamba pale juu kwenye ule mteremko mrefu anabana breki mpaka chini, spidi 30 asiipite, mimi jioni naangalia kile kioo. Wifi nimeshamwambia Desemba alete nyingine ya NTA, 57, safari hii kijana kachagua nyeupe. Sponji za ndani zinabanduka, fua na sabuni ya kipande na uanike kivulini, usiiache helmeti juu ya bati juani.