Tulilipia Vyumba Kisumu, Tukalala kwa Mama wa Dunga

Jioni niliyorudi Nakuru niliandika maneno makali sana kuhusu ile gesti ya Kisumu, nikayafuta. Kesho yake nikaandika tena, nikafuta tena. Sasa wiki kadhaa zimepita na bado nikiikumbuka ile kaunta moyo unanienda mbio. Basi naandika hivi hivi na hasira zangu, kwa sababu nikingoja zipoe nitanyamaza kabisa, na yule mama wa gesti ataendelea kupokea pesa za watoto wa watu.

Tulikuwa sita, wasichana wanne na wavulana wawili, sote mwaka wa tatu, marafiki tangu wiki ya kwanza chuoni. Hakuna aliyewahi kukaa Kisumu. Wawili walikuwa wamepita tu kwa basi la usiku wakielekea Busia, wakiwa usingizini. Nakuru yetu ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, na Kisumu ilikuwa jiji tangu 2001. Hapo ndipo ubishi wetu ulipoanzia, kwamba twende tukaone jiji lililotutangulia kwa miaka ishirini. Tukaanza kuchanga mia mbili mbili kila wiki, na hazina nikashika mimi.

Hilo la hazina nalisema mapema kwa sababu ndilo lililoniuma kuliko matusi. Mwenzetu mmoja alikuwa akiamka alfajiri kukanda mandazi na kuyauza hosteli ili apate mchango wake. Mwingine alitoa kwenye pesa za HELB, mkopo wa serikali kwa wanafunzi, akala githeri hadi mwisho wa mwezi. Pesa zile nilizijua kila shilingi ilikotoka.

Gesti nilielekezwa na mtu aliyewahi kulala hapo, akaisifu. Nikapiga simu, akapokea mwanamke mwenye sauti ya upole. Tukaelewana vyumba vitatu kwa siku mbili, elfu moja mia tano kila chumba kwa usiku mmoja, nusu mbele na nusu tukifika. Nikatuma 4,500 kwa M-Pesa. Akanijibu kwa meseji: "Imefika. Karibuni sana Kisumu." Meseji hiyo ninayo mpaka leo na siifuti.

Safari yenyewe sina la kuilaumu, ila matatu ilikaa stendi muda mrefu ikitafuta abiria wawili wa mwisho, na mvua ikatukuta Londiani. Tulipofika Kericho nikampigia simu kumwambia tutachelewa kidogo. Akasema hakuna shida. Tulipofika Ahero, giza likianza kushuka juu ya mashamba ya mpunga na joto la ziwa limeshaingia garini, nikampigia tena. "Msijali, vyumba vipo." Nayarudia maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu baadaye alikana kwamba tulizungumza.

Tulifika yapata saa moja na nusu usiku. Mama alikuwa ameketi nyuma ya kaunta, umri wa mama yangu hivi, macho kwenye simu. Nikamsalimia, "Habari ya jioni, mama." Hakuitikia. Akainua macho, akatukagua mmoja mmoja kuanzia viatu.

"Nyinyi ndio wa Nakuru?"

"Ndiyo, mama."

"Hukuniambia ni wanafunzi."

Nikamwambia hakuniuliza. Akaelekeza kidevu kwa wale wavulana wawili waliokuwa wamesimama na mabegi yetu mlangoni. "Na hawa ni nani wenu?"

Nikamweleza kwa heshima kwamba tunasoma pamoja, kwamba wasichana watalala vyumba viwili na wavulana chumba chao. Akacheka kwa pua. Akasema ameona mengi hapo, na kwamba nyumba yake si ya mambo hayo. Kulikuwa na wageni wengine wameketi wakitazama taarifa ya habari, na mzee mmoja akageuka kututazama kama watu waliokamatwa wakiiba. Mwenzangu wa chumbani, mtoto wa mchungaji, mtu ambaye hata sauti hainui, alianza kulia pale pale.

Nikauliza basi vyumba vyetu viko wapi. Vimeshapata watu, akasema. Nikauliza pesa zetu je? Akanijibu jibu ambalo nimelitafuna hadi limeisha ladha:

"Mlilipa ya kuhifadhi. Hamkulipa ya kulala."

Nikamwonyesha meseji. "Meseji si risiti, msichana." Kisha akachukua rimoti, akaongeza sauti ya televisheni.

Naomba mtu yeyote aliyewahi kuendesha gesti anieleze. Kuhifadhi chumba ni nini, kama si kuwekewa kitanda ukifika? Kama hataki wanafunzi, si aseme kwenye simu kabla ya kupokea pesa? Alikuwa na siku nne za kuuliza. Alikuwa na simu ya Kericho na simu ya Ahero. Alisubiri tufike usiku, katika mji tusiojua kushoto wala kulia, ndipo akagundua kwamba sisi ni wanafunzi. Kama vyumba vilikuwa vimejaa, tabia zetu zilihusianaje? Na kama shida ilikuwa tabia zetu, kwa nini pesa zibaki? Nadhani aliwapa watu waliotoa zaidi, halafu akatafuta la kutufukuzia, na neno jepesi kumtupia msichana likawa lile. Hilo ndilo ninalolichukia. Angeniambia tu, "Binti, nimekosea, nimewapa wengine," ningemsamehe usiku ule ule.

Wakati huo, nikiwa nje ya lango, nilikuwa tayari kuapa kwamba Kisumu haina watu na kwamba tulale stendi, asubuhi turudi Nakuru.

Aliyenizuia ni mlinzi wa pale pale. Mzee, koti kubwa, redio ndogo mfukoni. Alikuwa amesikia yote kupitia mlango uliokuwa wazi. Akatufuata nje, akasema, "Nyathina," yaani mwanangu, "usilie barabarani usiku." Akatoa simu yake, akazungumza Kijaluo kwa muda, kisha akasimamisha tuktuk mbili na kuwaelekeza madereva yeye mwenyewe, hadi bei akapatana nao yeye. Nilimpa mia moja akakataa kabisa. Sitaji gesti hii kwa sababu yake. Mtu yule akipoteza kazi kwa kutusaidia, hizo 4,500 zitakuwa hazina maana tena.

Tuktuk zikatupeleka Dunga, ufukweni, kilomita chache kusini mwa mji. Tukapokelewa na mama mmoja anayekaanga samaki, shemeji wa yule mlinzi. Alikuwa ameshasonga ugali. Kulikuwa na omena na managu, na chai ya maziwa, na hakuna aliyetuuliza lolote kabla hatujanawa mikono. Tulipomaliza akauliza swali, na swali lilikuwa lile lile la kaunta: "Na hawa vijana?"

Nilihisi koo likinikauka. Nikamjibu vile vile nilivyomjibu mwenzake. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuwatandikia wavulana godoro kwenye kichumba kilicho karibu na lango. Sisi akatuingiza nyumba kubwa, akafunga chandarua, akanikabidhi ufunguo mkononi. Kisha akatuketisha tena na kutaka kila mmoja apige simu nyumbani, mbele yake, aseme yuko wapi na kwa nani. Kwa mama yangu aliomba simu akazungumza naye mwenyewe. Mama yangu tangu siku hiyo anamwita dada.

Nimelifikiria sana hili. Mwenye nyumba ana haki ya kuuliza. Ningekuwa na gesti, labda nami ningewauliza vijana sita waliofika usiku. Kwa hiyo lile swali namwachia. Nakubali. Lakini mmoja aliuliza ili ajue pa kutulaza na mwingine aliuliza ili apate pa kutuaibishia, na tofauti hiyo niliiona kwa macho yangu ndani ya saa mbili, usiku mmoja.

Asubuhi tulikuta ziwa limejaa magugu maji. Kijani mpaka mbali, kama uwanja wa mpira, na mashua zimekwama. Mwenye mashua akatuambia tungoje, upepo ukigeuka utayasukuma. Ulichukua karibu saa tatu kugeuka. Hatukujali. Tulikaa tukimsaidia mama kuparua ngege, akitufundisha majina ya samaki wa Nam Lolwe, ndilo Ziwa Viktoria kwa Kijaluo: mbuta, kamongo, fulu, na kutuambia kwamba mbuta aliletwa na watu miaka ya 1950, na fulu wengi wakaishia tumboni mwake. Njia ilipofunguka tulipita kando ya mafunjo marefu kuliko mtu, na mwenye mashua akazima injini ili tumwone ndege mmoja mweusi mgongoni, kifua chekundu kama damu, utosi wa manjano, anayeishi ndani ya mafunjo tu. Mafunjo yakikatwa na yeye hana pa kwenda. Tulinyamaza wote sita. Sijawahi kukiona kikundi chetu kimenyamaza.

Mchana tukaenda makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980. Kuna nyoka, kuna mamba, wenzangu wakakaa huko. Mimi nilibaki kwenye Ber-gi-dala, boma la Kijaluo lililojengwa upya pale uani, na mwelekezi akatueleza jinsi kila mtu alivyokuwa na mahali pake. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inatazamana na lango. Mtoto wa kiume akikua anatoka nyumbani kwa mama yake, anajenga simba, nyumba yake ya ujana, karibu na lango. Wale wavulana wetu wakatazamana. Usiku uliopita walilazwa hasa hapo, karibu na lango, na mwenyeji wetu hakuwa amesema neno. Alifanya tu linalofanywa. Mimi nikaikumbuka tena kaunta, nikapandwa na hasira upya katikati ya makumbusho, hata mwelekezi akauliza kama ninajisikia vibaya.

Mengine nayapita haraka. Soko la Kibuye Jumapili ni kubwa kiasi kwamba tulipoteana mara mbili. Gatini reli inafika karibu na maji, na mwenzetu anayesoma historia alisimama pale akitueleza ya 1901, reli ilipofika hapa mji ukiitwa Port Florence, mpaka tukamvuta mkono. Hippo Point nendeni saa kumi na mbili kasoro, msichelewe. Jua linapozama pale linaingia majini lote, jekundu, na watu wanaacha kuongea.

Kabla ya kuondoka, mimi na mvulana mmoja tulirudi gesti kudai pesa. Yule mama hakuwepo. Tulimkuta kijana, nadhani mwanawe, akatusikiliza hadi mwisho, akasoma meseji, akainamisha kichwa. Akafungua droo akatupa 2,000. Ndizo zilizopo, akasema, zilizobaki atatuma jioni. Aliomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima, na sikuona uongo usoni mwake. Nikatoka pale nimelainika. Ndani ya matatu nikaanza hata kupanga maneno: kwamba ilikuwa bahati mbaya, kwamba labda mama wa watu alichoka, kwamba mtu asihukumiwe kwa usiku mmoja. Ningewapa nyota mbili, labda tatu.

Jioni haikuja kitu. Wala kesho yake. Wiki ikapita, nikapiga simu, akapokea yule mama mwenyewe na ile sauti ya upole. Nilipojitambulisha sauti ikabadilika. "Si mlishapewa pesa?" Akakata. Sasa nikipiga haiingii kabisa.

Kwa hiyo zile nyota nazirudisha. Moja nilitaka kuiacha kwa ajili ya mlinzi na yule kijana, kisha nikaona hapana, wema wao ni wao, usihesabiwe kuwa sifa ya gesti iliyowaajiri. Zimebaki 2,500 za watu sita, na nimewalipa wenzangu sehemu kutoka mfukoni mwangu ingawa walikataa. Yule wa mandazi alinirudishia zake mara mbili. Mara ya tatu nilizificha kwenye kitabu chake.

Ukienda Kisumu, na nakuomba uende, usitume pesa mbele kabla ya kusema kwa kinywa chako: ni wangapi, ni nani, mtafika saa ngapi. Dai risiti, hata ya kupigwa picha. Na mji usiuchukie kwa ajili ya kaunta moja, kama nilivyokaribia kufanya mimi nikiwa pale nje ya lango.

Mama wa Dunga alipiga simu juzi. Mlinzi anauliza kama tulifika salama, kwa sababu tangu usiku ule hakuna aliyempa habari, na mimi nilisahau kabisa kumtafuta, jambo linalonitia aibu. Tumeanza kuchanga upya. Tunataka kwenda Kit Mikayi, yale mawe yaliyo njia ya Bondo, likizo ya Desemba, na tutalala kwake. Bei yake ni mia tatu kwa kichwa na hataki kusikia ya kuhifadhi, anasema mkifika mmefika. Ametuomba kitu kimoja tu, viazi vya Molo. Mvulana mmoja kwao ni Molo, ameshamwambia baba yake asiuze gunia la mwisho.