Siku tatu Lamu na mashoga zangu: gesti, dau lililokwama, na mofa ya Langoni

Basi niwaeleze hapa mara moja, manake tangu niweke picha status kila mtu ananiuliza mlilala wapi, mlikula nini, mlilipa ngapi. Tulikuwa wanawake watano kutoka Malindi, mimi, Riziki, Mwanaisha, Khadija na wifi yangu ambaye hakualikwa lakini akaja, na mwisho ndiye aliyetufaa kuliko sote kwa hivyo mdomo nimefunga.

Tulipanda basi la asubuhi, Garsen, Witu, Hindi mpaka Mokowe. Lami siku hizi iko sawa, si kama zamani ukifika umegeuka rangi ya vumbi. Ila kitambulisho weka mkononi, askari wanasimamisha basi mnashuka mnapanga laini, na Khadija chake alikuwa amekitia kwa begi, na begi liko chini kabisa kwa buti chini ya magunia ya watu. Sitaki hata kukumbuka yale maneno tuliyoambiwa na abiria. Mokowe mnashuka mnaingia boti mnavuka, na ukikanyaga gati la Lamu wachukuzi wako juu yako, patana bei kabla begi halijapanda mkokoteni.

Gesti tulipata Mkomani ndani ndani, ile mitaa ya nyumba za mawe. Jina silitaji. Nyumba yenyewe nzuri wallahi, unaingia kwa daka lenye baraza mbili za kukalia, juu boriti, ukutani zidaka zimepangwa safu kwa safu, na zile kuta za matumbawe ni nene hadi saa saba mchana kule ndani ni baridi kama mtu kawasha eisii. Juu kuna dari la makuti unaona bahari na mapaa yote ya mji. Hapo ndipo sifa zinaishia. Chumba tulichotumiwa picha kwa simu si kile tulichopewa, tulipewa cha chini kinanuka ukungu, mpaka tukapandisha sauti ndio tukahamishwa. Maji ya bafuni ni ya chumvi na yanatoka kama yanafikiria kwanza. Lakini kilichoniuma mimi ni chai ya asubuhi, ambayo tuliilipia kando. Tumeketi pale juu, upepo unavuma, tunangoja mambo, kijana akaleta sinia ina mkate wa slesi na siagi ya kopo. Lamu! Mji wa mahamri! Riziki akaiangalia ile slesi akasema hii ningekula kwangu bila kupanda boti.

Wifi yangu hakusema kitu, akachukua buibui lake akashuka. Alirudi baada ya nusu saa na mahamri ya moto kwa gazeti na mbaazi wa nazi kwa bakuli la mtu, ati kaazima, atarudisha. Kumbe amefuata harufu tu mpaka mlangoni kwa watu. Na hapo ndio nikaanza kuuelewa ule mji. Chakula chake kizuri hakiko kwa menyu, kina saa yake na kina mlango wake, ukichelewa saa hiyo mlango umefungwa na wewe utaishia mahoteli ya ufukweni kula chipsi. Sisi tulijaribu mchana mmoja hoteli moja ya pwani pale, viti vizuri, mandhari nzuri, tuliagiza kamba wa nazi tukangoja saa nzima na dakika arubaini, nikahesabu kwenye sahani yangu kamba sita. Sita. Na juisi ya ukwaju imetiwa maji mpaka imepoteza rangi.

Kutembea mji tulichukua kijana wa kututembeza, na huyo nampa alama zote. Hakuwa na haraka, na hakutupeleka duka la binamu yake. Alituanzia makumbusho ya pale mbele ya bahari, na mimi nilidhani nitachoka lakini nilisimama mbele ya ile siwa, baragumu kubwa la pembe ya ndovu, kutoka Pate, ya karne ya 17, inazidi mita mbili, ndefu kuliko mimi, imechongwa nakshi yote. Kando yake iko siwa ya shaba ya Lamu yenyewe. Alitueleza siwa haikupulizwa ovyo, ilikuwa ya harusi na shughuli za wakubwa, kama hukualikwa wewe utaisikia tu kwa mbali. Mwanaisha akauliza kama inaweza kuazimwa harusi ya Disemba.

Ngome ilianza kujengwa 1813 ikamalizika 1821, na kitu sikujua ni kwamba ilikuwa jela mpaka 1984, yaani juzi tu. Riziki babake alikuwa askari jela na alikuwa akiwatisha wao wadogo kwa kusema nitawapeleka Lamu, sasa amesimama mule ndani anapiga selfi anamtumia. Kisha tukaingia vichochoroni, tukapita chini ya mawikio, vile vyumba vilivyovuka juu ya njia kutoka nyumba hii hadi ile, kwa hivyo wanawake waliweza kwenda kwa jirani bila kushuka barabarani. Nikawaambia wenzangu hii ndio WhatsApp grupu yao. Ushauri: viatu vya visigino acha nyumbani. Mwanaisha alivaa, na punda wakija mnabanwa ukutani wote, na chini kuna vitu vya punda, nimemaliza.

Sasa dau. Tulilipa elfu mbili kila mtu kwenda Takwa, magofu ya mji wa kale kule kisiwa cha Manda, pamoja na chakula cha mchana cha samaki wa kuchoma. Nahodha alisema saa nne. Alitokea saa sita kasoro, anacheka. Mimi ni mtoto wa pwani lakini nakubali sikufikiria maji, ila yeye kazi yake ni nini? Kule Takwa mnaingia kwa mkondo katikati ya mikoko, maji yakipwa hakuna njia. Magofu tuliyaona mbio mbio, msikiti una nguzo juu ya kibla, kaburi la nguzo, mibuyu, kimya kizuri, mji ambao wenyewe walihama karne hiyo hiyo ya 17 wakavuka kwenda Shela, kijiji cha upande wa kisiwa cha Lamu. Nilitaka kukaa. Lakini tunaambiwa haya haya maji yanatoka, na kurudi tulikwama kweli, dau limelalia tope, jua la saa tisa, na kilichochomwa ni tasi watatu wadogo kwa wanawake watano. Wifi yangu akagawa kwa kisu kidogo kama mirathi. Tulikaa pale hadi maji yaliporudi. Nahodha alisinzia. Pesa aliyorudisha ni shilingi sifuri na mimi depoziti nilishalipa yote kwa hivyo kosa moja ni langu, usilipe yote kabla, na uliza maji yanajaa saa ngapi kwa mtu asiyeuza safari.

Jioni tulikuwa tunashuka Mkunguni mbele ya ngome, mishkaki, viazi vya karai, kahawa chungu kwa vikombe vidogo, wazee wanabishana. Shela tulienda kwa miguu kufuata ufuo, mchanga ni mwingi na mzuri, bei ni za wazungu, tukaoga bahari tukarudi.

Mofa nimeiweka mwisho makusudi. Ni mtaa wa Langoni, siku ya pili alasiri, wifi alikuwa amesharudisha lile bakuli na mwenye bakuli ndiye aliyetuelekeza kwa dadake. Mama mmoja mtu mzima, hana bango, mlango nusu wazi. Akatuona akaita, "Ndooni!" sisi tunasema njooni wao ndooni, na nilipenda hilo neno nimekuja nalo nyumbani. Uani kuna mofa, ile tanuri ya udongo kama mtungi mkubwa, makaa yako chini. Anachukua donge la unga wa mtama uliokandwa, analibapa kwa viganja, anachovya mkono kwenye bakuli la maji, kisha mkono wote unazama ndani hadi kiwiko na unasikia pa! imeshika ukutani. Sita, saba mzunguko. Nywele za mkono wa kulia hana kabisa, aliona naangalia akacheka, akasema zilikwisha kabla hajaolewa. Mkate ukitoka ni mgumu kidogo nje, ndani laini, una harufu ya moshi, tukala na mchuzi wa samaki tukiwa tumekaa kwenye jamvi. Tulilipa sote watano pungufu ya bei ya wale kamba wangu sita.

Kwa hivyo mkiniuliza: kijana wa kututembeza tano kwa tano, gesti mbili na nusu na nusu hiyo ni ya kuta, dau moja. Mama wa mofa hakutaka kusikia habari ya alama, alisema tu tukirudi tumletee korosho za huku kwetu. Nimeshanunua kilo mbili, ziko kwa debe jikoni, nangoja Riziki apewe likizo.