Vipaza sauti vya kubana chini ya gari: vimenisaidia, ila chupa ya maji ndiyo iliyomaliza kazi

Gari langu lilianza kulia kwa chini kila nikipita tuta. Nyii, nyii, kama kitanda cha chuma cha zamani. Kwenye lami iliyonyooka, kimya kabisa. Fundi wa kwanza aliinama, akalitikisa mara mbili, akasema ni shokapu za mbele. Tukabadilisha zote mbili. Tuta la kwanza baada ya kutoka gereji: nyii.

Ndipo nikanunua hiki kifaa. Ni vipaza sauti vidogo sita vya kunasa sauti (maikrofoni), kila kimoja kwenye kibanio mfano wa kile cha kuanikia nguo, pamoja na kipokezi chenye swichi na hedifoni. Unabana kimoja kwenye chuma karibu na bushi (mpira unaokaa kwenye maungio ya vyuma), kingine karibu na bol jointi (kiungo cha mviringo kinachoruhusu gurudumu kucheza), kingine kwenye shokapu, kisha mwenzako anaendesha huku wewe ukihama kutoka kipaza kimoja hadi kingine. Mwenye hedifoni asiwe dereva, tafadhali.

Mimi ningeapa kwamba sauti inatoka kulia. Kifaa kilinionyesha kushoto, kwenye bushi ya stabilaiza, na kwa tofauti kubwa. Baadaye ikaniingia akilini: stabilaiza ni fito moja ya chuma inayokatiza gari upande hadi upande, na chuma husafirisha sauti. Ukiwa umekaa ndani, sikio linakudanganya.

Kasoro zake zipo. Kibanio kimoja kilichomoka safari ya kwanza tu, kwa sababu sikufuta tope kabla ya kubana. Ukiongeza mwendo, upepo unameza kila kitu, kwa hiyo jaribu polepole. Halafu kifaa hakikuambii kilichoharibika. Kinakuambia tu wapi pana kelele zaidi. Usipolinganisha kushoto na kulia, utababaika.

Na si kila mlio unakihitaji. Ukilia ukiwa kwenye mwendo na kunyamaza ukikanyaga breki, angalia pedi kwanza: nyingi zina kibati cha tahadhari kinachogusa diski zikishalika. Mvumo unaozidi kadiri mwendo unavyoongezeka mara nyingi ni beringi. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, mlio wa harakaharaka unaofuata mzunguko wa magurudumu unaweza kuwa krosi za propela shafti, yaani viungo vya fito ndefu inayopeleka nguvu nyuma.

Kabla ya kununua kitu kingine nilitaka uhakika, maana shokapu zilikuwa zimenitia adabu. Nilichukua chupa ya kunyunyizia yenye maji ya kawaida, nikalowesha bushi moja, nikalibonyeza gari kwenye kona mara kadhaa, nikahamia nyingine. Ile ya stabilaiza ya kushoto ilipolowa, mlio ukakatika. Maji yalipokauka, ukarudi. Hapo sikuwa na swali tena. Msiweke oili ya injini wala grisi ya kawaida kwenye mpira. Vinaulainisha na kuuvimbisha. Silikoni haina shida, ila mpira ukishachoka haitauponya. Na kama ni lazima uingie chini, weka stendi. Jeki peke yake si ya kuaminiwa.

Fundi wa pili alibadilisha bushi za stabilaiza pande zote mbili, na kwa kuwa za mikono ya chini, vile vyuma vinavyoshika magurudumu, zilikuwa na nyufa, tukazitoa nazo. Hapo nilimganda: boliti za mikono zikazwe mwisho tairi zikiwa zimebeba uzito wa gari. Ukizikaza gari likining'inia, mpira unabaki umejipinda na utapasuka mapema. Alinung'unika kidogo, akalishusha.

Nakipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ingekuwa nne kama vibanio vingekuwa na meno makali zaidi. Sasa hivi kiko kwa jirani, la kwake linalia nyuma.