“Mwaoga Mno”: Uzoefu Wangu na Hosteli Moja ya Tudor

Nyota moja, na hiyo yenyewe ni ya upepo.

Jina la hosteli silitaji. Wanaoishi Tudor hapa Mombasa, karibu na chuo, wataijua. Bei, idadi ya vitanda, kama kuna waifai au hakuna, hayo yote yameandikwa kwenye bango pale langoni. Mimi nina la pampu, na jibu moja la keateka, yule mwangalizi wa hosteli, ambalo mpaka leo likinijia niko bafuni, kata ya pili nasita kujimwagia.

Majuzi, mitihani ikikaribia, maji yalikatika. Si yale ya kaunti. Hayo kila mtu wa Mombasa anajua yana zamu zake: yanatoka kwenye vyanzo vya Mzima kule Tsavo, Baricho, Marere, na huku kisiwani yakifika ni ya kuviziwa usiku. Wiki hiyo yalikuwa yamekuja vizuri tu. Tangi la chini lilijaa mpaka ukifunua mfuniko unajiona uso. Lililokauka ni la juu, na likakaa kavu siku nne. Watu arubaini na wanane wanateka kwa ndoo kwenye tangi la ardhini, wanapanda nazo ngazi hadi ghorofa ya tatu, na ngazi zenyewe zimelowa zinateleza kama sabuni.

Ukipita kwenye kijumba cha pampu unaisikia: mmmmm, inanguruma, haizunguki, na baada ya nusu dakika inaanza kunuka. Keateka anazima. Anasubiri kidogo, anawasha. Mmmmm. Anazima. Hivyo ndivyo alivyokuwa “akiitengeneza”, asubuhi na jioni, siku nne.

Sasa, pampu ndogo ya maji inayotumia stima ya kawaida ya nyumbani haiwezi kuanza kuzunguka peke yake. Inahitaji msukumo wa kwanza, na kazi hiyo inafanywa na kapasita, kile kidude kama kopo dogo kilichofichwa chini ya kifuniko pale waya zinapoingilia. Kikifa, mota inavuta stima nyingi bila kuzunguka, na stima yote hiyo inageuka moto. Harufu ile ni vanishi ya waya za ndani inaungua. Ukiendelea kuiwasha wasubiri tu siku ya kuipeleka kwa fundi isukwe waya upya, na gharama yake si ya kulinganisha na kapasita, ambayo ni mia chache kwenye duka lolote la vifaa vya stima. Pampu ya nusu hosipawa kama ile mara nyingi hutumia ya mikrofaradi 8 au 10, lakini usikisie. Soma namba iliyo ubavuni mwa ile ya zamani, ununue iyo hiyo.

Kuna sababu ya pili inayotoa mngurumo huo huo, na kwetu Pwani ndiyo imejaa: kutu. Maji ya kaunti yakichelewa hosteli nyingi huchanganya na ya kisima, na visima vya kisiwani vina chumvi. Pampu ikilala siku mbili tatu na chumvi tumboni, gurudumu la ndani linalosukuma maji linagandana na ganda lake. Kutofautisha ni kazi ya dakika moja. Zima stima kwenye swichi kuu, ile ya pampu pekee haitoshi. Nyuma ya mota kuna feni ndogo, na mara nyingi katikati ya mhimili wake pana mkato wa bisibisi. Jaribu kuzungusha. Ikiwa ngumu, ni kutu: isukume huku na huku mpaka ilegee. Ikizunguka laini halafu ukiwasha bado inanguruma tu, kapasita imekufa. Na hiyo kapasita usiiguse vichwa vyake kwa mkono hata kama stima imezimwa, huwa inaweka chaji na itakutupa. Muachie fundi.

Haya yote keateka aliambiwa, kwa adabu. “Shikamoo mzee. Ile pampu inaonekana kapasita imekwenda, tunaomba aitwe fundi kabla mota haijaungua.” Alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki pale langoni, kikombe cha kahawa chungu mkono mmoja, simu mkono wa pili. Marahaba hakuitikia. Macho hakuyainua. Akapiga funda, akasema:

“Nyinyi watoto wa chuo mwaoga mno.”

Basi. Hilo ndilo jibu.

Twaoga mno? Hebu tupige hesabu, maana neno hili lina dawa yake na dawa ni hesabu. Mombasa hii, kaskazi ikivuma, mtu mzima anaoga mara mbili kwa siku, lita 15 kila mara kwa ndoo na kata: 30. Choo mara tatu, lita sita sita za kumwaga: 18. Vyombo, udhu, kupiga mswaki, nguo ukizigawanya kwa wiki: weka 12. Jumla lita 60. Mara watu 48, ni lita 2,880. Tangi la juu ni la lita 3,000. Yaani aliyeijenga hosteli ile alikaa na karatasi, akatuhesabu tunavyooga, akatuwekea siku moja kamili juu. Chini akaweka lita 10,000, siku tatu na kitu, kwa sababu anajua maji ya kaunti huja mara mbili kwa wiki. Na pampu yenyewe, kwa kimo kile, inasukuma kama lita 25 kwa dakika, kwa hivyo saa mbili tu za kazi kila siku na tangi limejaa. Mpango mzuri! Hapa lazima niseme kweli, nimeona hosteli za bei mara mbili ya ile zina tangi moja tu juu ya paa na dua.

Kwa hiyo pengine nyota moja ni uonevu. Lango linafungwa kwa wakati, wizi haupo, vyumba vinavyotazama kusini vinapata upepo kiasi kwamba kusi ikianza feni huiwashi. Kunguni wapo, lakini wapo kila penye deka za mbao, afadhali uombe ya chuma. Nilitaka kuandika nyota tatu.

Halafu nikakumbuka mitungi. Siku ya pili ya ukame, mkokoteni wa maji ukawa unasimama pale pale langoni, karibu na kiti cha plastiki, shilingi 30 mtungi wa lita 20. Lita 60 ni mitungi mitatu, shilingi 90 kwa siku, pesa ya mahamri na mbaazi asubuhi ikabaki chenji ya chai. Mwenye mkokoteni na keateka walikuwa wakipeana kahawa. Mimi sisemi kitu. Nasema tu kwamba pampu imeharibika siku nne na kahawa haikukosekana hata siku moja.

Na hii ni Tudor jamani! Mtaa uliokuwa na chuo cha ufundi tangu enzi za MIOME, ile taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, kikawa Politekniki, kikawa chuo kikuu mwaka 2013. Ukirusha jiwe unampiga mwanafunzi wa umeme. Mle mle ndani ya hosteli walikuwamo wanne. Ufunguo wa kijumba ndio haukutoka mfukoni mwa mzee.

Siku ya tano fundi akaja, si kwa sababu yetu, mwenye nyumba alipita kuchukua kodi akanusa. Kapasita ilibadilishwa kwa dakika ishirini, pamoja na kutia maji ya kuanzia: unafungua kizibo cha juu, unamimina mpaka povu liishe, unafunga. Mota ilipona, bahati tu.

Anayetafuta chumba maeneo hayo, kabla ya dipoziti nenda saa kumi na mbili asubuhi watu wakioga, ufungue mfereji wa ghorofa ya juu kabisa. Bomba la kushuka ni moja, wa chini wakifungua wa juu wanabaki na upepo. Ghorofa ya kwanza ndiyo nzuri: presha ipo, na maji yakikatika ngazi ni chache. Onja maji, ujue kama ni ya kisima, maana kwa hayo sabuni haitoi povu. Kisha uliza ufunguo wa pampu usiku unakaa na nani.

Nyota mbili, basi. Moja ya upepo, moja ya aliyepiga hesabu ya matangi.

Ila fundi kabla hajaondoka alionyesha kitu kingine: swichi ya floti kwenye tangi la chini, ile inayozima pampu maji yakiisha isizunguke kavu ikaunguza sili, kile kizuizi cha maji kuvuja, imefungwa juu kwa mfuko wa plastiki ili isizime kamwe. Alisema ifunguliwe. Leo asubuhi nimechungulia. Mfuko bado upo, na umefungwa fundo la pili.