ThinkPad T470 ya mtumba na Linux Mint: miezi sita mezani kwangu

Nilinunua Lenovo ThinkPad T470 Novemba 2025 kwa shilingi 23,500, katika duka dogo la ghorofani karibu na Moi Avenue hapa Nairobi. Ina RAM ya GB 8, diski ya SSD ya GB 256 na kioo cha inchi 14. Mimi ni mwalimu mstaafu na mweka hazina wa jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikatoliki mtaani Umoja, familia 34. Kazi ya kompyuta hii ni hesabu za jumuiya, barua, kusoma magazeti na matamko ya maaskofu, na kuongea na binti yangu aliye Eldoret.

Bei ilikuwa nafuu kwa sababu moja. T470 ilitoka mwaka 2017 na kichakata chake ni cha kizazi cha saba cha Intel, ilhali Windows 11 inadai kizazi cha nane kwenda juu. Microsoft nao waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kijana wa duka hakunificha. Aliniambia, "Mama, hii haipandi Windows 11, ndiyo maana nakupunguzia." Namshukuru kwa ukweli wake, maana kwingine nilikopita siku ile waliniapia kwamba mashine kama hii "inakubali kila kitu".

Jumamosi iliyofuata mpwa wangu alikuja na flashi. Tulipakua Linux Mint 22, mfumo wa kuendesha kompyuta unaokaa mahali pa Windows, karibu GB 3 za bando, tukawasha mashine huku tukibonyeza F12, tukachagua flashi. Nusu saa baadaye ilikuwa tayari. Mint ni ya bure na toleo hili litahudumiwa hadi 2029. Nilipofika kwenye ukurasa wa kuweka jina na nywila, mpwa wangu alinyanyuka kitini akaniambia, "Shangazi, hapa andika wewe. Mimi nisijue."

Nilikaa pale kidogo kabla ya kuandika, na sababu yake ni ya mwaka 2022.

Mwaka ule wa kampeni mgombea mmoja alikuja kanisani kwetu Jumapili na kompyuta ya mezani ndani ya katoni, zawadi kwa parokia. Kabla ya baraka ya mwisho alipewa maikrofoni. Alizungumza dakika 40. Watoto wa katekisimu walikuwa nje kwenye jua wakisubiri tutoke. Kompyuta ilikuwa na stika ya uso wake ubavuni na nyingine kwenye kioo, na aliyeitayarisha alikuwa kijana wake wa kampeni. Tuliokuwa tukiandika michango tulipewa akaunti ya kawaida. Akaunti kuu ilibaki na yule kijana. Kila tulipotaka kuweka programu au kurekebisha printa, tulimpigia simu. Agosti mgombea akaanguka. Kijana hakushika simu tena. Siku moja mashine ikagoma kuturuhusu kuingia, na ndani yake mlikuwa na michango ya wajane, ada za mazishi, zaka za familia zinazouza mboga barabarani. Fundi alichomoa diski ndipo tukazipata faili, tukamlipa shilingi 3,500 kutoka mfuko wa jumuiya. Nililia siku ile, nasema bila aibu. Zile zilikuwa hela za watu wanaohesabu shilingi kumi kumi.

Kwa hiyo kompyuta ambayo nywila yake naijua mimi na mwenyekiti wangu tu, kwangu ni jambo kubwa.

Sasa mashine yenyewe. Kibodi yake ni bora kuliko zote nilizowahi kugusa: vitufe vina kina, havitelezi, na baada ya kuandika kurasa sita za kumbukumbu za mkutano vidole haviumi. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma inayochomoka. Stima ikipotea, na huku kwetu hupotea, nachomoa ile ya nyuma iliyoisha na kuchomeka ya akiba bila kuzima kitu, kwa kuwa ile ya ndani inashikilia. Betri ya akiba niliongeza shilingi 3,000. Kwa zote mbili naandika kwa muda wa saa saba hivi.

LibreOffice, programu za ofisi za kuandikia barua na kufanyia hesabu, inakuja pamoja na Mint. Kila mwezi napakua taarifa ya M-Pesa ya jumuiya, naifungua kwa namba yake ya siri, kisha nahamishia michango kwenye Calc, programu yake ya majedwali ya hesabu, familia moja mstari mmoja. Kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia ipo, ila maneno mengi ya kanisani haiyatambui. Nimeyaongeza mwenyewe moja moja. Kiswahili katika programu hizi hakikuanza jana. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, na LibreOffice ni mtoto wa OpenOffice. Mtoto huyo alizaliwa Septemba 28, 2010, mwezi mmoja baada ya Katiba yetu kuzinduliwa Uhuru Park.

Nimeitaja Katiba kwa sababu ndicho kitu ninachokisoma zaidi kwenye kioo hiki. Jirani yangu wa ghorofa ya pili ni Mwislamu, mjane. Januari alikuja nimsaidie kuandika barua kuhusu mirathi ya marehemu mumewe, kesi iko Mahakama ya Kadhi. Tulipokuwa tukisubiri printa, nikafungua Ibara ya 170 upande mmoja wa kioo na barua yake upande wa pili. Inasema mahakama hizo zinashughulikia hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, tena pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda huko. Basi. Hazinihusu, haziwezi kuniita, na Katiba ya zamani ilikuwa nazo vilevile tangu uhuru.

Agosti 4, 2010, katika kura ya maoni ya kuipitisha Katiba hii, nilipiga kura ya La, rangi nyekundu. Nilipiga hivyo kwa sababu nilisikia madhabahuni, Jumapili baada ya Jumapili, kwamba mahakama hizo ni hatari kwetu. Maaskofu walikuwa pia na hoja ya uhai wa mtoto tumboni, na hiyo naiheshimu hadi leo. Lakini ile ya Kadhi nilikubali bila kusoma mstari hata mmoja. Nilimwambia jirani yangu hivyo pale mezani, nikamwomba msamaha. Akanijibu, "Dada, na mimi nilipiga Ndiyo bila kusoma." Tukaanza kusoma Sura ya Kwanza pamoja usiku ule, chai ikapoa. Ibara ya 8, katika Sura ya Pili, ni fupi kuliko zote: Kenya haina dini ya taifa.

Ndiyo maana Rais William Ruto aliposema Julai 2025 kwamba anajenga kanisa Ikulu kwa fedha zake mwenyewe, sikuona kwamba suala ni fedha ya nani. Mimi ni Mkristo, napenda makanisa. Ikulu ni nyumba ya jirani yangu pia.

Na ndiyo maana nimehifadhi kwenye folda yake pekee tamko la Novemba 18, 2024 la Philip Anyolo, Askofu Mkuu Mkatoliki wa Nairobi. Siku moja kabla, rais alikuwa ametoa milioni 2 kwa nyumba ya mapadre na 600,000 kwa kwaya na kikundi cha watoto wa kimisionari katika Kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, na gavana wa Nairobi akaongeza 200,000. Siku tatu kabla ya hapo maaskofu walikuwa wameikosoa serikali waziwazi. Anyolo alisema fedha zile zirudishwe kwa waliozitoa. Kayole ni karibu na kwetu. Najua kwaya kama ile inavyohangaika kupata sare. Kurudisha pesa kama hizo kunauma, na ndiyo maana tamko lile nalithamini. Waanglikana walikuwa wametangulia: Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa mimbari mbele yao kule Butere, siku ya kumsimika Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kianglikana nchini. Agizo kama hilo likitoka juu, linabaki kushikwa na paroko na kamati, na kamati yetu mwaka 2022 haikulishika. Nilikuwa ndani ya kamati hiyo.

Mapungufu ya T470 yapo. Kioo cha mashine yangu ni cha nukta 1366 kwa 768, kimefifia, na ukikaa pembeni huoni vizuri. Sisi wawili tukisoma Katiba inabidi tubanane bega kwa bega. Uliza duka kama wana yenye 1920 kwa 1080, zipo. Kisoma alama ya kidole hakikufanya kazi kwenye Mint, nimekiacha. Spika ni ndogo; kusikiliza Misa ya redioni ninaunganisha spika ya nje. Printa yetu ya HP ilitambuliwa yenyewe mara tu nilipochomeka waya, bila diski wala fundi, na Wi-Fi vilevile.

Kama kazi yako inategemea programu za Windows pekee, usinunue hii. Kwa hesabu za kikundi, barua, kusoma na kuongea na watoto walio mbali, nampa yeyote ushauri ainunue akiwa na amani. Kagua bawaba za kioo, omba uoneshwe afya ya betri zote mbili kabla ya kulipa, na usimwachie muuzaji akuwekee nywila.

Wiki ijayo nampeleka jirani yangu duka lile lile. Anataka yenye kioo bora, kwa ajili ya chama chao cha akina mama wa msikitini. Nimemwambia asipitishe 27,000, na flashi yenye Mint nimeshaiweka kwenye mkoba.