Siku tatu kambi ya kujiokoa porini, upande wa Shimba Hills: uzoefu wangu

Tangu nirudi watu wananiuliza kama yafaa au haifai, kwa hivo naandika yote mara moja. Mie ni mlezi wa skauti shule moja huku Kisauni, nikataka kwenda mwenyewe kwanza, maanake huwezi kupeleka mtoto wa mwenzio mahali wewe hujapalala. Nililipa elfu tisa na mia tano kwa siku tatu, ndani yake kuna kisu, kikombe cha bati na chakula cha siku ya kwanza basi. Siku ya pili unakula utakachokipata msituni, na Januari hii jua la kaskazi limekaza, mie nilipata maji tu.

Kufika ni rahisi, unavuka feri Likoni, unashika matatu ya Kwale, mkifika Kombani mnaiacha barabara ya Ukunda mnaanza kupanda na hapo hapo hewa yabadilika. Kambi haiko ndani ya hifadhi, iko kwenye shamba la watu pembeni, lakini msitu uko pale mbele yako. Ndo hifadhi pekee Kenya yenye palahala, yule swala mkubwa mweusi, ila sisi hatukumuona hata mmoja, usiku tulisikia komba tu wakilia kama watoto wachanga.

Sasa niseme kilichonifanya nisijutie hela yangu. Siku ya pili asubuhi tuliletewa mzee mmoja wa Kidigo atufundishe moto. Hana kiberiti, ana vijiti viwili. Ulindi na wimbombo mie nilikua navijua kwenye kamusi tu, kumbe ni vitu vya kweli na viko hai! Akaketi chini, wimbombo akaukanyaga kwa mguu usiteleze, ulindi akausimamisha kwenye kishimo akaanza kuupekecha kwa viganja, mikono yashuka mpaka chini anairudisha juu haraka tena ashuka, na pale kwenye kishimo unga ukawa watoka, kwanza wa kahawia halafu mweusi, halafu moshi mwembamba. Hakuacha alipoona moshi. Hapo ndo sisi sote tulikosea baadaye, ukiona moshi unafurahi unapumzika na moto wazimika. Yeye alizidisha, kisha akagonga taratibu kikaanguka kikaa kidogo kama punje ya mtama juu ya makumbi ya nazi aliyoyachambua laini kama pamba, akayakunja mkononi akapuliza pole pole, ufff, ukawaka. Nilimuuliza, "Babu, mie mbona moshi nimepata moto sipati?" Akanishika kile kijiti changu akaniambia, "Mwanangu, hiki kina maji bado," akanitafutia mti mwepesi uliokauka ungali juu ya shina, sio wa kuokota chini kwenye umande. Saa tisa hivi na malengelenge viganja vyote viwili niliwasha. Wallahi nililia.

Na maji pia walifundisha vizuri. Wengi wetu twaona maji yakichujwa kwa leso yakawa meupe basi ni salama, si kweli, leso yatoa taka haitoi vijidudu. Chuja, halafu chemsha mpaka yatokote kweli kweli, uyaache yatokote dakika nzima. Kama huna sufuria ila una chupa ya plastiki isio na rangi, ijaze maji yaliochujwa uilaze juani masaa sita, siku ya mawingu uiache siku mbili. Hili nimeshaanza kuwafundisha vijana wangu hata kabla ya kambi yao, kwa sababu huku mtaani mifereji ikikauka watu twanunua maji ya mikokoteni na kipindupindu twakijua.

Usiku wa kwanza tulijenga vibanda vya makuti na matawi na kundi letu tukajenga karibu na njia ya siafu bila kujua. Saa nane usiku mtu wa pembeni akapiga kelele, ukigusa shingo siafu, ukigusa nywele siafu, tukatoka nje mbio tukivua nguo. Mwalimu alikuja haraka, akatumwagia majivu kuzunguka kibanda na akatuhamisha, akatuonyesha kwa tochi ile njia yao nyembamba ilivyokua imepita pale pale tulipolaza vichwa. Sitajenga tena popote kabla sijaangalia ardhi kukiwa na mwanga.

Somo la nyoka pia lilinyooka, msikate, msifyonze, msifunge kamba, na lile jiwe la nyoka wanalotegemea wazee wetu wengi haliondoi sumu. Vua pete na bangili, kiungo kitulizwe kama kilichovunjika, mtu apelekwe hospitali upesi.

Mwelekeo ndo sikuridhika. Kijana aliyefundisha usiku alisoma kwenye karatasi zake kwamba tutafute nyota ya kaskazini, na kwetu hapa kusini ya ikweta ile nyota haionekani, iko chini ya upeo. Mtoto ataitafuta mpaka asubuhi. Lakini ile ya kivuli ni nzuri, unachomeka kijiti wima, unaweka jiwe kivuli kinapoishia, baada ya robo saa unaweka jiwe la pili, la kwanza ni magharibi la pili mashariki. Na kwa sisi wa Mombasa ambao kibla chetu ni kaskazini, ukishaijua kaskazini hata swala yako umeitengeza, na tuliswali adhuhuri kwa vijiti vile.

Sasa malalamiko yangu makubwa. Jumamosi jioni dada mmoja alidungwa na nge kwenye kidole cha mguu, mguu wote ukawa wamuuma mpaka atetemeka, na gari la kambi lilikua limeenda mjini kuchukua vitu. Kwenye sanduku la huduma ya kwanza kulikua na bandeji na dawa ya kichwa. Tulimbeba mpaka barabarani tukampakia boda akiwa amekaa katikati ya watu wawili. Alipona, alhamdulillahi, ila je angekua ameumwa na koboko? Watu wanaofundisha kwamba dakika ndo uhai wa aliyeumwa hawawezi kua na gari moja na likaenda sokoni. Niliwaambia hivo hivo uso kwa uso, kwa heshima, na mwenye kambi alikubali kosa akarudishia yule dada hela yake.

Ukitaka kwenda nenda, ila kabla hujalipa uliza gari lalala wapi na ufunguo yuko nao nani. Mie skauti wangu nawapeleka likizo ya Agosti, pamoja na gari letu la kukodi likae pale kambini usiku na mchana, na mchango wa hilo gari wazazi wameshaanza kutoa. Yule mzee wa ulindi nimemuomba namba yake, kakubali kuja.